Sukari Niliyoipima Bila Kuuliza

Binti aliyechukua nafasi yangu dukani alinipigia simu juzi. "Shikamoo, Bi Zuhura. Nina mteja hapa ataka zile sukari za kuzuia ugonjwa wa mkojo, na kwenye rafu ziko aina nne. Nimpe ipi?" Nikamweleza kwa dakika ishirini, nikamchosha yeye na mteja wake. Nilipokata simu nikatambua kwamba muda wote ule nilizungumza habari za makopo tu, na lile linalonikaa kooni sikuligusa. Basi naliandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaosimama nyuma ya kaunta za dawa, mkiwa bado mna magoti mazima na mnadhani mtu akistaafu huwa hana la kusema ila kulalamika.

Nimeuza dawa Malindi kwa miaka thelathini na moja, katika duka moja, chini ya bwana mmoja. Yeye alikuwa mfamasia, Bwana Jamnadas, mtu mwembamba asiyekula nyama na asiyepandisha sauti hata siku bomba lilipopasuka likaroweka dawa za mwezi mzima. Mimi nilikuwa na cheti changu kimoja, hasira za karibu, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nayasema haya mapema msije mkanifikiria malaika.

Bwana Jamnadas alinifundisha kazi kwa kiganja. Mteja akitaja dawa, yeye huileta, huiweka kwenye kaunta, kisha huifunika kwa mkono wake. Hauondoi mkono mpaka ajibiwe: nani anaumwa, tangu lini, ana nini kingine? Mteja akikasirika, mkono haubanduki. Nimemwona akimfunikia dawa diwani mzima mwenye haraka, na diwani akaishia kujibu kama mtoto wa shule. Miaka yangu ya kwanza nilidhani ni ukaidi wa uzee. Baadaye nikaushika mtindo ule, nikawa naufanya kwa kila kidonge na kila chupa.

Kwa ile sukari sikuufanya. Ilikuwa sukari tu.

Ililetwa kwetu na Waitaliano, kama mambo mengi ya Malindi. Mama mmoja wa Kiitaliano mwenye nyumba upande wa ufukweni aliingia na boksi tupu, akaligonga kwenye kaunta, akasema kwa Kiswahili chake cha amri, "Hii! Mimi nataka hii!" Boksi limeandikwa D-mannose. Sisi tukaiita manosi. Alikuwa akiugua njia ya mkojo mara kwa mara, na kwao ndiyo wanayopewa wanawake wengi kama yeye. Bwana Jamnadas akaagiza. Muda si muda wapishi na watunza nyumba wa Waitaliano wale wakaanza kuja, halafu dada zao, halafu majirani wa dada zao.

Ngojeni niwaeleze inavyofanya kazi, maana mteja atawauliza na msimjibu kwa kukuna kichwa. Vijidudu vinavyoleta ugonjwa huu mara nyingi ni vya chooni, vimepotea njia. Vikiingia kwenye kibofu vinang'ang'ania ukutani kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Manosi ukiinywa, mwili hauitumii kama sukari ya chai. Sehemu kubwa hutoka na mkojo. Kijidudu hunata kwenye ile sukari badala ya ukuta, kikatoka nayo. Ndivyo inavyoelezwa. Kama yatokea hivyo kwa kila mwanamke, wataalamu wenyewe hawajakubaliana: wako walioona faida, na wako waliotafuta faida wasiione. Mimi nina wateja waliokaa miezi bila kusumbuliwa, na nina aliyemaliza kopo zima ugonjwa ukamrudia wiki ileile. Mwambieni mteja ukweli huo mzima, hata kama ataondoka bila kununua.

Lisilo na ubishi ni kwamba manosi ni ya kujaribu kuzuia. Ugonjwa ukishaingia, mkojo ukachoma, ukawa na damu, mtu akapata homa au maumivu ya mgongo chini ya mbavu, hapo si habari ya sukari tena. Ni kupimwa mkojo na kupewa dawa na anayejua. Mwenye mimba, mwenye kisukari, mwenye figo mbovu, mtoto: wote hao wamwone daktari kwanza, hata wakiwa wazima wanatembea.

Sasa makopo. Upande wa mbele wa kopo hauna faida, huo ni wa kupendezea macho. Ligeuzeni. Someni kama ndani ni manosi peke yake, au imechanganywa na glukosi na unga wa kujazia. Kuna moja lililoletwa na kijana wa biashara mwenye viatu vya kung'aa. Mbele limeandikwa manosi kwa herufi kubwa, nyuma manosi ilikuwa ya tatu katika orodha, baada ya sukari mbili nyingine. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii ni dawa au ni faluda?" Akacheka, mimi sikucheka. Tazameni pia kipimo kimoja kina kiasi gani, maana kuna vidonge vizuri vya rangi ambavyo ndani yake manosi ni ya kuonja tu. Tazameni kizibo kama bado kina karatasi yake ya ndani. Na msiwaamini wale wa kwenye simu wanaojipodoa huku wakinywa sukari na kusema imewaponya kila kitu hadi ndoa.

Unyevu wetu wa pwani nao ni adui. Mwaka wa kwanza wa manosi niliacha kopo wazi karibu na dirisha kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Likawa jiwe.  Bwana Jamnadas alikwenda nyuma, akaleta kinu cha shaba cha baba yake, akaitwanga ile sukari mbele yangu na mbele ya wateja, taratibu, mpaka ikawa unga tena. Kisha akaimwaga yote kwenye ndoo ya taka. Tangu hapo kijiko changu kilikuwa kikavu na kizibo changu kimekazwa.

Mtaniuliza kijiko cha nini. Hapo ndipo mlango wa kosa ulipofunguka. Kopo lilikuwa ghali, na watu wetu wamezoea kununua kwa kipimo: mafuta kwa kibaba, majani ya chai kwa kijiko, sabuni kwa kipande. Wakaniomba niwapimie. Nikawa nachota manosi vijiko kadhaa, natia kwenye bahasha ndogo ya kaki, nakunja mdomo, natoa. Bila jina, bila maelezo, kwa sababu ilikuwa sukari. Mteja mmoja wa Shela aliiacha bahasha yake jikoni, mama mkwe akaikuta, akaikandia mahamri ya wageni. Wageni wakayasifu mahamri, halafu nusu yao wakashinda chooni, maana manosi ikizidi tumbo huendesha. Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikashika meza. Mtu mwenye akili angecheka, kisha angeanza kuandika jina kwenye bahasha. Mimi nilicheka tu.

Basi sasa Dama.

Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni, mwanamke wa miaka ishirini na mingapi hivi, mrefu, nyayo zimepasuka kwa chumvi. Mume wake alikuwa utingo wa malori Mariakani, harudi ila mara moja kwa mwezi. Kazi ya chumvi mnaijua au mmeisikia: jua kichwani, mng'aro machoni, reki mkononi tangu asubuhi. Choo kiko mbali, na kumwacha mwenzio na kazi ukaenda huko si jambo la kufanya mara tatu. Wanawake wengi dawa yao ni kutokunywa maji. Ukiwa huna maji tumboni huna haja ya kwenda. Dama alikuwa ametibiwa mkojo zahanati mara tatu katika mwaka mmoja.

Siku ya kwanza aliingia, akaacha wateja wote wapite, akanisogelea kwa ubavu na kuniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Bi, nimeambiwa muna sukari ya mambo ya haja ndogo." Nikamjibu kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo nimeshawaambia ikoje. Akayumba kidogo kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini alinunua. Alikuwa ametoka kumaliza dawa za zahanati, hakuwa mgonjwa siku hiyo, na sikuona ubaya.

Alirudi baada ya wiki chache. Siku hiyo nilikuwa na foleni na mguu unaniuma.

"Dama, kwani maji wanywa kiasi gani?"

"Kikombe asubuhi, bi. Na kimoja nikirudi."

"Vikombe viwili! Na jua lile! Na mkojo waubana mpaka saa ngapi?"

Dama akatazama nyayo zake. Bwana mmoja aliyekuja kununua dawa ya kichwa aligeuka kumtazama.

"Nakuuliza, mkojo waubana mpaka saa ngapi? Waja hapa kununua sukari ya kuzuia ugonjwa, na ugonjwa wenyewe wautafuta kila siku kwa mikono yako? Huna akili wewe?"

Alichukua bahasha yake, akasema, "Haya, bi," akatoka. Mimi nikajiona nimefanya kazi nzuri. Jioni tulipokuwa tukifunga nilimsimulia Bwana Jamnadas kwa fahari, vile nilivyompa yule mwanamke elimu ya maji. Alikuwa akipangusa miwani. Akasema, "Zuhura, kulikuwa na watu watano kwenye foleni." Nikamwambia, "Basi na wao wamejifunza." Akavaa miwani.

Baada ya hapo Dama hakuja tena mwenyewe. Alianza kumtuma Karisa, mwanamume wa makamo mwenye pikipiki anayeleta samaki mjini asubuhi na kurudi na mizigo ya watu. Karisa alikuwa akinipa bahasha ya kaki tupu, imekunjwa mara nne. "Dama kasema umjazie kama hii." Desturi hiyo mnaijua wote. Mtu wetu akitaka dawa ileile hatumi jina, hutuma ganda: pakiti tupu, kizibo cha chupa, kipande cha boksi chenye rangi. Muuzaji hutazama, hutoa mfano wake. Ni njia rahisi na imesaidia wengi wasiojua kusoma. Ila ganda halina mdomo. Haliwezi kukwambia aliyelituma leo yu hali gani. Nilijaza bahasha ile mara nne au tano, huku nikipiga soga na mteja mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tatu, joto la kutisha. Feni ya dukani ilikuwa ikisukuma moto kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Karisa aliingia kabla ya adhuhuri, kofia ya pikipiki kichwani, bahasha mkononi.

"Dama kasema umjazie kama hii. Ila leo mara mbili."

"Mara mbili?"

"Ndivyo alivyosema."

Nikajaza mara mbili. Alipokuwa akiitia mfukoni akasema, kama mtu anayejisemea, "Acha niwahi, nimemuacha kajifunika blanketi, meno yamgongana." Akatoka.

Nilisikia. Hilo ndilo ninalolionea haya kuliko yote. Sitasema sikusikia. Nilisikia kila neno, na mteja aliyefuata alikuwa ameshaninyooshea karatasi ya daktari, nikaipokea. Ilitaka vidonge ishirini na kimoja. Nikaanza kuhesabu kwenye sahani. Nikafika kumi na nne, nikapotea. Nikaanza tena, nikafika tisa. Mara ya tatu mkono ulisimama wenyewe. Blanketi. Mwezi wa tatu, saa sita mchana, mtu amejifunika blanketi, na mimi nimempelekea sukari, tena mara mbili.

Niliruka kutoka nyuma ya kaunta mpaka barabarani. Karisa hayupo. Nikapiga simu yake, ikalia mpaka ikakatika. Mtu yuko juu ya pikipiki, atasikia nini? Nikapiga ya Dama, haikupatikana. Nikarudi ndani, nikamwambia Bwana Jamnadas yote kwa pumzi moja. Nilitarajia aniulize kwa nini. Aliuliza, "Ana mimba?"

"Sijui."

"Ana kisukari?"

"Sijui, bwana. Sikumuuliza. Sikuwahi kumuuliza."

Akainua simu. "Kodi gari, si pikipiki. Utahitaji kumlaza. Nitawapigia hospitali wajue mwaja."

Barabara ya kwenda Gongoni si ndefu, lakini siku hiyo ilirefuka. Tulivuka daraja la Sabaki, dereva akisema anakimbia na mimi nikimwona anatambaa. Karibu na Mambrui simu ikalia. Ni Karisa.

"Bi, umenipigia? Nimeshampa. Ameshakunywa kikombe kimoja."

"Asinywe tena! Mpe maji matupu. Karisa, sikiliza, Dama ana mimba?"

"Mimi mambo ya wanawake siyajui, bi."

Nikamwambia asiondoke pale mlangoni hata nyumba ikishika moto.

Tulimkuta kwenye mkeka, blanketi hadi kidevuni, uso umelowa. Kando yake kulikuwa na kikombe cha bati, sukari ambayo haikuyeyuka imebaki chini. Nilipiga magoti. Ngozi yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliuondoa mkono bila kutaka. Nilimgusa mgongoni, chini ya mbavu za kulia, akapiga ukelele.

"Imeanza lini, mwanangu?"

"Jumatatu."

Siku nne. Maneno yalinijaa mdomoni, yaleyale ya siku zote, mbona hukuja, mbona hukusema, huna akili. Nilimtazama usoni nikayameza. Nikawageukia Karisa na dereva, nikawaambia watoke mpaka kule kwenye gari. Nikainama karibu na sikio lake.

"Dama, una mimba?"

Alifumba macho. "Miezi minne."

"Nani ajua?"

"Mume wangu. Peke yake. Nimeficha wenye shamba wasije wakaniambia nipumzike kibarua."

Tulimbeba kwa mkeka wake. Njiani alitapika mara mbili mapajani mwangu, akawa akimwita Mungu kwa lugha ya kwao, "Mulungu, Mulungu," halafu akaacha kuita, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Karibu na daraja lori lilikuwa limekwama katikati ya barabara, foleni pande zote mbili. Dereva akazima gari. Nikashuka. Wanangu, sauti yangu mbaya nimeitumia vibaya miaka mingi, lakini siku ile kila dereva pale Sabaki alinisikia, na njia ikapatikana kando ya lori, upana wa gari moja tu, watu wakisukuma kwa mikono. Niliporudi ndani Dama alikuwa amenitolea macho. Nikamshika mkono nikawa namhesabia pumzi, moja, mbili, tatu, mpaka lango la hospitali.

Daktari aliyempokea alikuwa msichana mdogo kuliko binti yangu. Akaniuliza mgonjwa ametumia nini. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, mimi ni jirani tu. Nikamwambia, "Ametumia manosi, wiki nyingi, na leo amezidisha. Nimempimia mimi. Sikumuuliza kama ana mimba na sikumuuliza kama ana homa." Akaandika bila kuinua kichwa. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda kwenye figo. Wakamtundikia maji na dawa za mshipa.

Siku mbili nilikaa kwenye benchi ya nje. Mume wake alifika kutoka Mariakani, shati lina mafuta ya gari, akanisalimia kwa heshima na kunishukuru kwa kumleta mkewe. Kunishukuru! Nilitamani ardhi inimeze. Siku ya pili homa ilianza kushuka, Dama akanywa uji, tukapumua. Siku ya tatu asubuhi alianza kutokwa na damu. Hakuna walichoweza kufanya. Yeye alibaki. Mtoto hakubaki.

Nilimuuliza yule daktari, kama angefika Jumatatu ingekuwaje. Alisema hakuna awezaye kuapa, lakini siku nne kwa mwenye mimba ni nyingi sana. Alisema hivyo kwa upole, na nililia palepale kwenye korido mbele ya wafagiaji. Sukari ile haikuwa sumu. Ilimpa Dama kitu cha kunywa huku akingoja, na kila aliponywa alijiona yuko kwenye matibabu. Niliyempa kitu hicho ni mimi.

Bwana Jamnadas hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Alinikabidhi kopo na kijiko, akaniambia niamue mwenyewe. Kijiko nikakitupa. Kuanzia siku hiyo manosi ilitoka dukani kwetu ikiwa kwenye kopo lake au pakiti zake, na maelezo yake, na asiyeweza kununua tulimwambia wazi kwamba maji ya kunywa na kwenda haja kwa wakati havina bei, aanze navyo. Aliyetuma ganda alipigiwa simu kwanza. Simu isipopatikana, dawa haitoki. Tulipoteza wateja. Wengine walisema Bi Zuhura ameanza maringo.

Miezi ikapita. Nilikuwa nimebakiza wiki chache nistaafu, Dama akaingia. Alikuwa amenenepa kidogo, amejifunga leso mpya, mumewe amesimama nje kando ya nguzo. Foleni ilikuwa ndefu na hakuacha watu wampite safari hii. Alikuja moja kwa moja.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu." Nilikuwa nimeyapanga maneno haya mara nyingi. "Dama, lile lilikuwa kosa langu. Nilijaza bahasha bila kukuuliza."

"Mimi nilimtuma Karisa ili usiniulize," alisema. "Ile Jumatatu nilitaka kuja mwenyewe, bi. Nilishavaa. Nilifika hadi stendi ya Gongoni, nikamuona mtu anapanda gari, sura kama ya yule bwana wa dawa ya kichwa. Hata sijui kama ni yeye. Nikakumbuka vile mulivyonicheka hapa. Nikarudi nyumbani."

Hakuna aliyecheka siku ile. Lakini sikumwambia hivyo, maana nilijua alichokisikia. Miezi yote nilijilaumu kwa kutouliza. Kumbe lililomfunga Dama nyumbani siku nne ni ile siku moja niliyouliza.

"Nisamehe," nikasema.

"Zahanati wamesema naweza kujaribu tena ile sukari, sasa niko mzima. Wameniandikia." Akaweka karatasi kwenye kaunta. "Lakini niulize kwanza. Niulize yote. Ila polepole, bi, watu wasisikie yangu."

Nilizunguka kaunta, nikasimama upande wake, bega kwa bega, migongo yetu kwa foleni. Nikamuuliza kama mkojo unachoma. Akasema la. Nikamuuliza homa, nikamuuliza mgongo. La. Nikamuuliza maji. Akasema siku hizi anabeba chupa yake, na wenzake wawili wamekubaliana naye kwenda choo pamoja ili asiachwe mmoja na lawama. Nikamuuliza lile la mwisho, kwa sauti ambayo sikuwa nikijua ninayo.

"Una mimba?"

Nyuma yetu mtu alikohoa, mwingine akagonga kaunta kwa funguo.

"Bado," alisema. "Twataka. Lakini naogopa, bi."

Nikavuta viti viwili, tukakaa.